Grafu ya mahali, ya velositi au ya mchapuko: uchore ipi?

Gari linaondoka kwenye taa, linaongeza mwendo, linakwenda hivyo hivyo kwa muda, kisha linafunga breki na kusimama. Safari hiyo fupi unaweza kuichora kwa grafu tatu, na picha utakazopata hazifanani. Ya kwanza inaanza chini, inajipinda kwenda juu, inanyooka, halafu inajipinda tena na kulala. Ya pili inapanda, inakwenda mlalo, inashuka mpaka chini. Ya tatu ina vipande viwili vya mlalo, kimoja juu ya mhimili wa muda na kingine chini yake, na kati yao mstari umelala kwenye sifuri. Ukifuta majina ya mihimili, mtu atakuapia kwamba anaona magari matatu.

Vitabu vingi hufundisha kuisoma kila moja kwa zamu yake, kisha humwachia msomaji kazi ya kuchagua. Na kuchagua ndiko kugumu. Kila grafu hulitangaza jambo moja na kulinyamazia jingine kabisa. Ukichukua isiyofaa, jibu linaweza kuwa mbele ya macho yako na usilione. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama ni lazima ubaki na moja tu, baki na ya velositi. Lakini yapo maswali ambayo hiyo itakuangusha, tena vibaya.

Tuelewane maneno kwanza. Mahali ni umbali wa kitu kutoka alama tuliyokubaliana kuiita sifuri, upande mmoja ukiwa chanya na wa pili hasi. Velositi ni kasi pamoja na upande inakoelekea. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika kila sekunde, ndiyo maana kipimo chake ni mita kwa sekunde kwa sekunde, m/s². Mwinamo wa mstari ni kiasi unachopanda ukigawanywa kwa muda uliopita, na ukishuka unakuwa hasi. Katika grafu zote tatu muda unakaa kwenye mhimili wa mlalo.

Umbo lile lile, maana tatu

Makosa mengi ya kusoma grafu za mwendo hayatokani na hesabu. Mtu anaona mstari, anakumbuka maana yake kutoka grafu nyingine, anaandika. Jedwali hili linaonyesha jinsi umbo moja linavyogeuka maana kila unapobadilisha mhimili wa wima.

| Unachokiona | Grafu ya mahali | Grafu ya velositi | Grafu ya mchapuko |
|---|---|---|---|
| Mstari mlalo juu ya sifuri | Kitu kimesimama | Kitu kinakwenda kwa velositi isiyobadilika | Velositi inaongezeka kuelekea upande chanya, kiasi kilekile kila sekunde |
| Mstari mnyoofu unaopanda | Velositi haibadiliki | Mchapuko haubadiliki | Mchapuko wenyewe unakua |
| Mstari unakata mhimili wa muda | Kitu kinapita alama ya sifuri | Kitu kinageuza upande | Velositi imefika kilele chake, au chini kabisa |
| Mwinamo | Velositi | Mchapuko | Huhitajika mara chache |
| Eneo kati ya mstari na mhimili wa muda | Halikusaidii kitu | Badiliko la mahali | Badiliko la velositi |

Safu ya tatu kwenda chini, ile ya mstari unaokata mhimili wa muda, ndiyo inayowanasa watu. Mstari ukigusa sifuri, moyo unataka kusema "kimesimama". Katika grafu ya velositi hilo ni kweli kwa nukta hiyo moja ya muda tu. Katika grafu ya mahali kitu kinaweza kuwa kinapita sifuri kikiwa kasi kabisa. Katika grafu ya mchapuko, sifuri inaweza kuwa ndipo kitu kinapokwenda kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote.

Grafu ya mahali: wapi na lini

Nguvu ya grafu hii ni kwamba unaisoma bila kukokotoa. Sekunde ya 6 kitu kilikuwa wapi? Unapanda kutoka 6 kwenye mhimili, unagusa mstari, unasoma pembeni. Vitu viwili vilikutana lini? Mistari inapokatana. Ndiyo sababu wapanga ratiba za reli wameitumia tangu karne ya 19: stesheni zinapangwa kwenye mhimili wa wima kwa umbali wake, saa kwenye mlalo, na kila treni inakuwa mstari ulioinama. Treni ziendazo zinapanda, zirudizo zinashuka, na iliyotua stesheni inachora kipande cha mlalo. Kwenye reli ya njia moja, mistari miwili ikikatana katikati ya stesheni mbili, ratiba hiyo ni ajali iliyoandikwa kwenye karatasi. Inabidi mmoja usogezwe mpaka makutano yaangukie stesheni yenye njia ya kupishana. Hakuna grafu ya velositi itakayokuonyesha hilo kwa kutazama tu.

Udhaifu wake ni kwamba inaficha mabadiliko ya kasi, hata makubwa. Tuchukue mbio zilizopimwa vizuri: fainali ya mita 100 mjini Berlin, 16 Agosti 2009, Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58. Muda wake ulichukuliwa kila baada ya mita 20.

| Umbali (m) | Muda tangu mlio (s) | Muda wa kipande hicho (s) | Velositi ya wastani ya kipande (m/s) |
|---|---|---|---|
| 20 | 2.89 | 2.89 | 6.92 |
| 40 | 4.64 | 1.75 | 11.43 |
| 60 | 6.31 | 1.67 | 11.98 |
| 80 | 7.92 | 1.61 | 12.42 |
| 100 | 9.58 | 1.66 | 12.05 |

Chora safu mbili za kwanza kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 kwa kila sekunde. Sasa laza rula kutoka nukta ya mita 20 mpaka ya mita 100. Nukta za katikati zinapishana na rula kwa chini ya milimita 1, upana wa ncha ya penseli isiyochongwa. Ukiambiwa usimulie mbio hizo kwa grafu hiyo utasema: alianza taratibu, kisha akakimbia kwa kasi moja mpaka mwisho. Si kweli. Safu ya mwisho inasema alizidi kuongeza kasi mpaka kati ya mita 60 na 80, na mita 20 za mwisho alikuwa ameanza kupungua. Ukiihamishia safu hiyo kwenye grafu ya velositi na mhimili wa wima ukauanzia 11 badala ya sifuri, kilele kinaonekana waziwazi.

Kwa hiyo, ukitaka kujua nani alifika wapi saa ngapi, grafu ya mahali inatosha. Ukitaka kujua alikimbiaje, haitoshi. Unaweza kupima mwinamo kwa kuchora tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaogusa mpindo kwenye nukta moja, lakini tanjenti za mkono hazina adabu: watu wawili watachora mbili tofauti kwenye nukta ileile, kila mmoja akiamini yake.

Angalizo la haraka kabla ya kuiacha. Mstari wa grafu ya mahali si njia kitu kilikopita. Mpira uliorushwa wima unakwenda juu na kurudi chini palepale, lakini grafu yake ni parabola nzuri, mpindo kama upinde unaopanda kisha kushuka. Upana wa parabola hiyo ni muda, wala mpira haukwenda kando hata inchi moja.

Grafu ya velositi: nusu juu, nusu chini

Grafu hii inakaa katikati, na hapo ndipo faida yake ilipo. Ukipima mwinamo unapata mchapuko. Ukipima eneo unapata mahali palivyobadilika. Kwa hiyo ukiwa nayo, nyingine mbili zimo ndani, isipokuwa taarifa moja: kitu kilianzia wapi. Hiyo lazima uambiwe.

Wazo la eneo kuwa umbali halikuanza na kompyuta wala na Newton. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa wa karne ya 14, alichora maumbo ambayo urefu wake ulikuwa muda na kimo chake kasi, akaonyesha kwamba pembetatu ya kasi inayokua sawasawa ina eneo sawa na mstatili wenye nusu ya kimo hicho. Galileo alitumia mchoro wa namna hiyo mwaka 1638 alipoandika juu ya vitu vinavyoanguka. Kwa maneno ya leo: kitu kinachoanza kutoka sifuri na kuongeza velositi sawasawa kinakwenda umbali ule ule ambao kingekwenda kwa nusu ya velositi yake ya mwisho.

Sasa swali ambalo grafu hii inalijibu na kulipotosha kwa wakati mmoja. Gari linapita mbele ya pikipiki iliyosimama, likiwa na velositi ya 15 m/s isiyobadilika. Papo hapo pikipiki inaondoka kwa mchapuko wa 3 m/s². Italifikia lini?

Kwenye grafu ya velositi, gari ni mstari wa mlalo kwenye 15, na pikipiki ni mstari unaopanda kutoka sifuri. Inakatana sekunde ya 5. Anayekimbilia jibu anaandika "sekunde 5" na kufunga daftari. Lakini kilichokutana hapo ni velositi, siyo vyombo. Sekunde ya 5 gari liko mita 75 na pikipiki iko mita 37.5. Kibaya zaidi kwa anayekisia ni kwamba hapo pengo ni kubwa kuliko wakati wowote mwingine wa mbio hizo. Kabla ya sekunde ya 5 gari lilikuwa na kasi zaidi, likizidi kuiacha pikipiki nyuma. Baada yake pikipiki ndiyo yenye kasi zaidi, inaanza kula pengo.

Chora sasa mahali. Gari ni mstari mnyoofu, pikipiki ni mpindo unaoanza ukiwa umelala na kuzidi kusimama. Inakatana sekunde ya 10, mita 150 kutoka mwanzo. Na lile pengo kubwa unaliona pia: ni pale mistari miwili iko mbali zaidi kwa wima, na hapo ina mwinamo sawa. Ukibaki na grafu ya velositi bado unaweza kupata sekunde 10, kwa kutafuta pale maeneo mawili yanapolingana: mstatili wa gari ni 15 × 10 = 150, na pembetatu ya pikipiki ni nusu ya 10 × 30 = 150. Lakini hapo umefanya hesabu, hukusoma. Ila kuna kitu ambacho grafu ya velositi inakupa bure na ya mahali inakunyima: wakati wa kulifikia gari, pikipiki ina 30 m/s, mara mbili ya gari. Kwa kilomita ni 108 kwa saa. Mwenye kupanga kuovateki angependa kulijua hilo mapema.

Je, grafu ya mchapuko inasemaje juu ya kisa hiki? Mstari mmoja kwenye sifuri, mwingine kwenye 3, haikutani kamwe. Hata ile 15 m/s ya gari imetoweka. Gari hilo na ukuta vinachora mstari uleule.

Mpira uliorushwa juu, kwa macho matatu

Rusha mpira wima kwa velositi ya 19.6 m/s, tuseme juu ni chanya na tuusahau upinzani wa hewa. Mchapuko wa uvutano ni 9.8 m/s² kuelekea chini, hivyo ni −9.8.

Grafu ya mahali inapanda mpaka mita 19.6 sekunde ya 2, inageuka, inarudi sifuri sekunde ya 4. Grafu ya velositi ni mstari mmoja mnyoofu, kutoka 19.6 kwenda −19.6, unaokata sifuri sekunde ya 2 bila kusita, bila kona, bila dalili kwamba jambo kubwa limetokea. Grafu ya mchapuko ni mstari wa mlalo kwenye −9.8 tangu mpira unapoachiwa mpaka unapodakwa.

Swali maarufu la mitihani: mpira ukiwa kileleni, mchapuko wake ni kiasi gani? Anayetazama grafu ya mahali anaona mstari umelala pale juu, anajibu sifuri. Kilicho sifuri pale ni velositi. Ingekuwa mchapuko nao ni sifuri, velositi isingekuwa na sababu ya kubadilika, na mpira ungebaki hukohuko angani. Grafu ya mchapuko inalimaliza swali hili kwa kutazama mara moja, kwa sababu haina kilele chochote cha kumdanganya mtu. Ya velositi nayo inalimaliza: mwinamo wa mstari mnyoofu ni mmoja kila mahali, kileleni pia.

Mpira huohuo unavunja imani nyingine sugu, kwamba mchapuko hasi maana yake ni kupunguza mwendo. Sekunde mbili za kwanza mchapuko ni hasi na mpira unapungua kasi. Sekunde mbili za mwisho mchapuko bado ni hasi, uleule −9.8, na mpira unazidi kasi. Kinachoamua ni kama velositi na mchapuko vina alama moja au vinapingana. Hili unaliona kwenye grafu ya velositi: mstari unaouelekea mhimili wa muda unapunguza kasi, unaouacha unaongeza, uwe juu au chini ya mhimili.

Hapa pia ndipo unapoona kwa nini grafu ya kasi tupu si mbadala wa grafu ya velositi. Kasi haina hasi. Mpira wetu kwenye grafu ya kasi unashuka mpaka sifuri na kupanda tena, umbo la V. Eneo lake linakupa njia yote iliyopitwa, mita 39.2. Eneo la grafu ya velositi, la juu ukilitolea la chini, linakupa sifuri, kwa sababu mpira umerudi ulikotoka. Unapima mafuta yaliyotumika au uchakavu wa matairi? Kasi inafaa. Unataka kujua umefika wapi? Velositi.

Grafu ya mchapuko: mwili unahisi nini

Hii ndiyo grafu inayopuuzwa darasani na kuthaminiwa na wahandisi. Sababu ni sheria ya pili ya Newton: nguvu ni tungamo mara mchapuko. Ukitaka kujua kitu kinasukumwa kiasi gani, kitavunjika au la, abiria atashika kiti au atapepesuka, wala mahali wala velositi havikujibu.

Simama kwenye mizani ndani ya lifti ukiwa na kilo 60. Lifti inaondoka kwenda juu kwa mchapuko wa 1 m/s². Mizani inasoma kama kilo 66. Ikishashika mwendo wake, mizani inarudi 60, na hapo haijalishi lifti inakwenda 2 m/s au 10 m/s. Kwa mwili ni kama imesimama. Ikianza kupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho ili isimame, inasoma kama kilo 54. Grafu ya mchapuko ya safari hiyo ina nundu moja juu, kimya kirefu, nundu moja chini, na ndivyo hasa tumbo linavyosimulia.

Kwenye ajali tofauti inakuwa kubwa zaidi. Gari lililokuwa na 15 m/s likigonga na kusimama ndani ya sekunde 0.1, grafu ya mahali ya safari ya nusu saa haitaonyesha chochote zaidi ya mstari uliolala. Grafu ya velositi itaonyesha kushuka kama kwa breki kali. Grafu ya mchapuko itatoa mwiba wa −150 m/s², zaidi ya mara 15 ya uvutano. Mifuko ya hewa kwenye magari huamka kwa kusoma mwiba wa namna hiyo. Spidomita haina la kuiambia, maana kasi kubwa peke yake si hatari kwa aliyekaa.

Gharama ya grafu hii ni kwamba imesahau mambo mawili: kitu kilianzia wapi, na kilikuwa na velositi gani. Bila hayo mawili, eneo lake linakupa mabadiliko tu.

Chombo chako kinapima nini?

Mara nyingi huchagui grafu kwa kufuata swali tu, unachagua pia kutokana na data uliyo nayo. Mkanda wa kupimia, video na GPS hukupa mahali. Spidomita hukupa kasi. Kihisi ndani ya simu hukupa mchapuko. Kutoka mahali kwenda mchapuko unapima mwinamo mara mbili. Kurudi, unajumlisha eneo mara mbili. Njia zote mbili zina adhabu, ila si adhabu moja.

Ukipima mwinamo, makosa madogo yanavimba. Tuseme unasoma mahali pa kitu kutoka kwenye video, picha moja kila sekunde 0.1, na kila usomaji unaweza kukosea kwa sentimita 1. Velositi kutoka picha mbili zinazofuatana inaweza kukosea kwa 0.2 m/s, kiasi kinachovumilika. Mchapuko kutoka picha tatu unaweza kukosea kwa 4 m/s². Aliyetaka kuonyesha 9.8 ya uvutano atapata 6 hapa, 13 pale, na grafu itaonekana kama meno ya msumeno. Dawa yake si kuchora mchapuko. Chora velositi, pitisha mstari mnyoofu unaokaa vizuri kati ya nukta zote, kisha upime mwinamo wa mstari huo mmoja. Makosa ya huku na huko yanafutana. Data ya Bolt ina tatizo la jirani: nukta tano zinatosha kabisa kwa grafu ya velositi yenye maana, lakini ukizilazimisha zitoe mchapuko, mwanzo wa mbio utatoka kama 2 m/s² hivi, wakati mkimbiaji anapochomoka kwenye vitalu vya kuanzia mchapuko wake ni mkubwa kuliko huo kwa mbali.

Ukijumlisha eneo, makosa hayavimbi ghafla, yanalimbikizana. Kihisi cha simu kikikosea kwa 0.1 m/s² tu, kwa upande mmoja, baada ya sekunde 10 velositi yako imekosea kwa 1 m/s na mahali kwa mita 5. Baada ya dakika moja mahali pamekosea kwa mita 180, na simu haijatoka mezani. Kwa hiyo usitegemee kuchora njia ya matembezi kwa kihisi hicho peke yake. GPS, pamoja na ukorofi wake, hailimbikizi.

Halafu kuna la kushangaza kwa anayejaribu mara ya kwanza: simu iliyolala kimya inaonyesha 9.8 kwenye mhimili wake wa wima. Haijaharibika. Kihisi kinapima jinsi meza inavyoisukuma simu juu, kwa hiyo kabla ya kuchora grafu ya mwendo lazima uvutano uondolewe. Programu nyingi zina chaguo la kufanya hivyo. Hakikisha umejua uko upande gani kabla ya kuanza kujumlisha.

Grafu ya nne, isiyo na muda

Yote hapo juu yanadhani una saa. Ipo hali ambayo saa haipo, au haina maana: alama za matairi barabarani, urefu wa njia ya kupunguzia mwendo, umbali wa kusimama. Hapo mhimili wa mlalo uwe umbali, na wima uwe velositi ikizidishwa kwa yenyewe. Mchapuko ukiwa haubadiliki, grafu hiyo ni mstari mnyoofu, na mwinamo wake ni mara mbili ya mchapuko.

Gari lina 20 m/s, dereva anafunga breki kwa 5 m/s². Mstari unaanza 400 na kushuka mpaka sifuri kwenye mita 40. Soma sasa mita ya 20, nusu ya njia: 200, yaani velositi bado ni 14.1 m/s. Mita ya 30, robo tatu ya njia imeisha: 100, yaani 10 m/s, nusu nzima ya velositi ya mwanzo bado ipo. Mita 10 za mwisho ndizo zinazomaliza nusu iliyobaki. Na kama mwingine angeanza breki hizohizo akiwa na 10 m/s, angesimama ndani ya mita 10 tu. Grafu ya velositi na muda ya breki hizi ni mstari mnyoofu unaoshuka sawasawa kwa sekunde 4, na unaweza kuutazama siku nzima bila kukisia kwamba sekunde 2 za kwanza zilikula mita 30 kati ya 40.

Isipokuwa ukiulizwa gari lilichukua muda gani kusimama. Hapo grafu ya nne haina jibu la kusoma, rudi kwenye ya velositi.